Vibao vya Ngazi ya Nyuma

Wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana wenzangu, nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu miwili, na hapo ndipo shukrani yangu inapoanzia.

Mwanzoni mwa miaka hii ya themanini nilitoka chuo cha ufundi nikaajiriwa katika karakana ya hoteli moja huko Kikambala. Jioni moja umeme ulikatika nikiwa kwenye ngazi ya nyuma, ile ya wafanyakazi. Nilikosa kipandio, nikavunjika paja. Mfupa uliunga, moyo haukuunga. Niliporudi kazini, kila nilipoifikia ngazi ile niligeuka nikarudi nilikotoka.

Kilichonikosesha raha zaidi ni mama mmoja aliyefanya kazi ya udobi, mwenyeji wa Junju, mja mzito, aliyeshuka hapo kila siku na furushi la shuka. Ndugu zangu, mimi nilikwisha kuijua sauti ya mwili unaoanguka kwenye saruji. Nikawa naingoja sauti hiyo kutwa nzima.

Chuoni nilikuwa nimesoma habari za unga unaopakwa mishale ya saa: hunywa mwanga, kisha huutoa gizani kidogo kidogo. Nikauchanganya na ile plastiki ya maji inayoganda, tuliyozibia mashua za hoteli, nikamimina vibao vya kupigilia kwenye kila kipandio. Vya kwanza vilikuwa hafifu. Unga ni mzito. Ulizama kabla plastiki haijaganda, uso wa juu ukabaki mtupu. Nikaanza kumimina uso ukielekea chini, ili unga uzamie pale nilipoutaka. Karakanani viling'aa vizuri. Tukavipigilia ngazini, tukazima taa. Giza tupu.

Nililia, nawaambia kweli. Siku za mama yule zilikuwa zimekaribia. Kesho yake nilijilazimisha kukaa kwenye ngazi ile mchana, nikatazama. Dirisha pekee lilikuwa limezibwa na shuka mbichi, kwani wakati wa masika huanikwa ndani. Vibao havikuwa vimeonja jua hata kidogo, na taa ya ngazi ilikuwa hafifu mno kuvishibisha.

"Mama, shuka hizi ziondoke," nikamwambia alipofika na furushi lake.

"Ziende wapi? Nizianike kichwani mwako?"

"Vibao vinataka mwanga."

"Na mgeni anataka shuka kavu. Au utamlaza juu ya kibao?"

Nikamweleza ninachokiogopa juu yake na mtoto. Akashika ncha moja ya kamba ya kuanikia, nami nyingine, tukaihamishia kwenye baraza ya stoo.

Jioni taa zilizimwa tena. Kila kipandio kikaonyesha ukingo wake, kijani kilichotulia. Nilimwomba abaki juu.

"Miye sina neno," akasema. "Ninayemhofia ni wewe. Tangulia."

Nikashusha mguu mmoja. Nikasimama. Nikashusha wa pili. Nyuma yangu nilisikia kandambili zake.

"Haya, mwanangu, usinizibie, na mimi nione!"

Tulifika chini.

Nawashukuru waliouunga mfupa wangu, fundi mkuu wa karakana aliyenivumilia nikiharibu plastiki yake, na nyinyi mlioniombea. Hofu yangu haijaisha yote. Ila nimejifunza kwamba anayeogopa anaweza kumwambia mwenzake, wakashika kamba pamoja. Mama yule yuko hapa leo, na mtoto mgongoni. Naona ananiashiria niketi. Nimesema sana, na mtoto anaamka.