Pampu ya Kunifikisha Ndanda

Sogeeni wanangu, nyamazeni wote, na wewe Gregori iache hiyo nyundo huko huko nje uingie mikono mitupu, maana nimekusikia. Fundi hata akiwa anakata roho, masikio yake hayatangulii kufa. Siku ya tisa leo nimelala hapa, dirisha liko wazi juu ya kichwa changu na gari langu, Pijo yangu, limesimama chini yake, na kila nati uliyofungua nimeisikia.

Mnajua nilichotaka. Nilitaka nikifa mnipeleke Ndanda kwa gari langu mwenyewe, nikalale ubavuni kwa Anastasia, mama yenu, kama nilivyomwahidi siku tuliyomzika. Mnajua pia kwamba gari hilo halifiki hata Mbagala, kwa kuwa pampu ya maji imekufa na injini inachemka, na kwamba Yustina amepanga foleni miezi minane, kibali mkononi, mpaka akapewa pampu mpya, moja tu, na kwa hali hii ya nchi, ya pili msiiote. Nikasema mbele yenu: atakayeifunga, gari ni lake. Hapo ndipo ulipomsukuma Yustina, dada yako, kando, Gregori, ukasema spana si kazi ya wanawake. Huyu aliyekuwa akifungua rejeta pamoja nami, wakati wewe umekimbilia Keko kutengeneza vitanda!

Sasa lisikie kosa lako, na wenzako walisikie. Hukukwangua gasketi ya zamani, ile karatasi ya kuzibia maji yasivuje. Ilibaki imegandia kwenye injini, pampu ikakaa upande, bolti zikakataa, nawe ukafanya kama mnavyofanya Keko, kwamba ubao ukigoma kuingia mnaugonga. Ubao una huruma mwanangu, hubonyea kidogo ukakusamehe. Chuma cha pampu hakina. Nilikisikia kikilia mara moja, kama chungu kinachopasuka, halafu ukaagiza sabuni. Sabuni, Gregori! Uzibe ufa kwa sabuni, uchukue gari, na maiti yangu ikwame porini kabla ya kivuko cha Rufiji. Nilipouliza ulisema, "Iko sawa mzee, mie nishamaliza." Ni Yustina aliyeniambia, "Baba, sikio la pampu, pale panapopita bolti, limekatika." Nina uchungu, wanangu, uchungu unaoshinda ugonjwa huu.

Wala mimi sitakufa nikijitakasa. Apolinari, fundi wa nyumba ya tatu, angeifunga pampu ile kabla chai haijapoa. Lakini mwaka wa Azimio alisimama kwenye kikao cha nyumba kumi akaniita kupe kwa sababu nina gari, na tangu siku hiyo sijamwitikia salamu, na nyie mliponisihi aitwe nikawafukuza. Mchuma janga hula na wa kwao. Mpaka leo sijamsamehe. Msimkaribishe msibani. La, mkaribisheni, mila ni mila, ila akae mbali na jeneza.

Basi shikeni neno langu. Gari ni la Yustina, bovu hivyo hivyo, na spana zote ni zake, asije mtu akadai hata moja. Nyumba kaeni wote, asiuze mtu. Mimi nizikeni hapa hapa Temeke, gari la kuazima silitaki. Usilie, Gregori, bado sijamaliza. Arobaini yangu ikipita, utapanda basi mpaka Ndanda, utasimama mbele ya kaburi la mama yako, na utasema kwa sauti, kwa kinywa chako, kwa nini mumewe hakuja. Foleni usiitaje. Apolinari usimtaje. Taja nyundo.

Maji... kidogo tu... inatosha.

Nawabariki. Yustina, Mungu akupe... akuzidishie. Gregori... nawe nakubariki, kwa kuwa padre amenikataza kufa na laana mdomoni. Moyo haujakubali. Hapana, usinishike... kaa huko huko. Yustina ndiye... anifumbe macho.