Yuko Njiani Haifungwi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Dokta Mathayo na wenzako wa mstari wa mbele, Sista Mwaisha tunayekuaga leo, ndugu wageni waalikwa: mimi Amiri, fundi simu wa Rahaleo, ndiye kichwa kikali kuliko vyote Mtwara nzima. Nafasi ya pili nimeiacha wazi, gombanieni.

Nilikomea kidato cha pili, sawa. Lakini nani aliyetengeneza programu ya Yuko Njiani? Sista akiwa zahanati kule Msimbati anampima uzito mtoto mwenye degedege, anabonyeza simu, na huku mjini simu ya wodi inapiga kelele mpaka dawa na oksijeni vinamsubiri mtoto mlangoni. Zamani si vilikuwa vinaanza kutafutwa mtoto ameshalazwa mezani, na mama ameulizwa jina mara tatu?

Dokta Mathayo aliniuliza, "We kijana, cheti chako kiko wapi?" Nikamwambia, "Dokta, watoto thelathini na mmoja wamekukuta umejiandaa. Waulize wao cheti." Sasa nasikia anataka programu ifungwe kwa sababu ya mtoto mmoja, Tumaini. Haifungwi! Nifungeni mimi kwanza, tuone simu zenu zilizopasuka vioo mtampelekea nani.

Sista Mwaisha, miaka thelathini na nne umewabeba watoto wetu. Wewe ndiye uliyenifundisha: "Mwanangu, dawa ya mtoto haiulizi miaka, inauliza kilo." Na ukanifundisha jingine, mbele ya watu: "Amiri, simu zetu huku zinanasa mnara wa Msumbiji, saa inarudi nyuma saa nzima. Programu yako inalijua hilo?"

Mimi mtoto wa Msimbati, ninayelijua hilo tangu nishike simu, nikacheka. Nikakujibu, "Mama, nunua simu ya maana."

Mpaka jana nimekuwa nikilaumu mtandao. Wengine wamewalaumu wauguzi. Waacheni wauguzi. Ujumbe wa Tumaini ulitoka Msimbati saa nne asubuhi, ukafika mjini umeandikwa saa tatu, ukajipanga chini ya wagonjwa waliokwisha kutibiwa. Hakuna aliyeuona. Mtoto akafika, mlangoni hakuna mtu, hakuna oksijeni; ilipopatikana, alikuwa ameshatutoka.

Nimeirekebisha, sasa inafuata saa ya mjini peke yake. Ndiyo maana nasema isifungwe.

Dada Zuhura, mama Tumaini, umekaa pale karibu na dirisha na hujanitazama tangu nisimame. Nilionywa, nikacheka. Mmenivumilia mpaka nimelisema hili, asanteni.