Kiboksi cha "Hapana"

CHENGE: Haloo? Nani mwenzangu?

KOKULINDA: Shikamoo, mzee Chenge. Ni Kokulinda, mshauri wako wa uwekezaji.

CHENGE: Marahaba, mama. Sema upesi, niko benki kwenye foleni. Watu wanne mbele yangu. Nikifika dirishani nahamisha kiinua mgongo chote kwenda kwenye vile vizimba vya samaki uli—

KOKULINDA: Usihamishe.

CHENGE: [mkwaruzo wa simu] Nihamishe au nisihamishe?

KOKULINDA: Usihamishe, mzee. Ile fomu tuliyojaza ina kiboksi kinachouliza kama mshauri ana maslahi yoyote kwenye kampuni anayoipendekeza. Niliweka tiki kwenye "Hapana".

CHENGE: Na ukweli wake?

KOKULINDA: Kampuni ni ya mume wangu.

CHENGE: Wamebaki watatu.

KOKULINDA: Mzee, umenielewa?

CHENGE: Nimekuelewa. Mimi nilikuwa bwana shamba Sengerema miaka thelathini. Kampuni moja ya mbegu ilinipa baiskeli, nami nikawaambia watu wapande mbegu zake. Hazikuota.

KOKULINDA: Baiskeli uliirudisha?

CHENGE: Niliiendesha miaka tisa. Na sikumwambia mtu.

KOKULINDA: Kule ziwani Kamanga samaki wa vizimba viwili wamekufa wote. Mume wangu, Projest, akasema akipata mwekezaji ataanza upya. Mimi nikanyamaza, nikakuletea fomu.

CHENGE: Huyo mumeo anajua kwamba unanipigia?

KOKULINDA: Amekaa hapa mbele yangu.

CHENGE: Anasemaje?

KOKULINDA: Hasemi.

CHENGE: Msalimie. [mkwaruzo] Eti, mama yako naye si amestaafu?

KOKULINDA: Mwaka juzi. Alikuwa muuguzi Bukoba.

CHENGE: Yeye ameweka pesa kwenye vizimba?

KOKULINDA: Alitaka. Nilimkataza.

CHENGE: Lini?

KOKULINDA: Wiki moja kabla ya kukuletea wewe fomu.

CHENGE: Ahaa. Ukamshauri nini?

KOKULINDA: Anunue hati fungani za serikali, na pesa zinazobaki aziache benki kwa ajili ya matibabu. Nilikaa naye siku nzima.

CHENGE: Mimi ulikaa nami nusu saa.

KOKULINDA: Ndiyo, mzee.

CHENGE: Naitwa dirishani.

KOKULINDA: Mzee, nakuomba—

CHENGE: Tulia, nimempisha wa nyuma yangu. Jumatatu nakuja hapo ofisini. Unishauri kama ulivyomshauri mama yako.

KOKULINDA: Jumatatu napeleka barua kwa wanaotoa leseni zetu. Ndani yake nimejiripoti mwenyewe, nimeeleza yote. Nikishaikabidhi, sidhani kama nitaruhusiwa kumshauri mtu tena.

CHENGE: Barua unaipeleka saa ngapi?

KOKULINDA: Saa nne.

CHENGE: Basi mimi nitafika saa mbili. Haya mama, chaji inaniishi—