Shangazi Funguo Ajifunza Kukataa kwa Kijerumani

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, msimamizi wa vyumba wa chuo chetu cha lugha anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya utumishi. Kwenye jalada la ofisi ana jina lake kamili. Kwetu sisi, na kwa mamia ya watu waliopita hapa kujiandaa kwa mtihani wa Kijerumani, yeye ni Shangazi Funguo.

Aliajiriwa kama msafishaji wakati chuo kilipokuwa na vyumba vitatu juu ya duka la viatu. Kazi yake ya kwanza jioni ilikuwa kufuta ubao, na walimu wa wakati huo waligundua upesi kwamba haufuti mpaka aunakili. Madaftari yake yamefika kumi na saba. Mwalimu aliyetaka kujua wiki iliyopita alifundisha nini hakwenda kwenye kumbukumbu zake. Alikwenda kwa Shangazi, akamkuta na ndoo, akajibiwa palepale pamoja na kosa la tahajia alilolifanya.

Siku moja walikuja mazoezini watahiniwa saba. Mtihani wa kuzungumza wa kiwango cha kati, ule wa B1, hufanywa wawili wawili, kwa hiyo mmoja akabaki hana mwenzake. Mwalimu akamwita Shangazi, akamwambia aegemeze fagio ukutani na aketi: "Wewe muulize tu anaonaje, mengine mwachie." Aliketi. Kwa miaka ishirini na miwili hakuinuka kwenye kiti kile.

Zoezi la kwanza la mtihani ni kupanga jambo pamoja, na mwaka hadi mwaka jambo hilo mara nyingi huwa lilelile: sherehe ya kumuaga mfanyakazi mwenzako. Shangazi amezipanga sherehe za namna hiyo kwa Kijerumani mara zisizohesabika, pamoja na mafundi bomba, wapishi, madereva na wauguzi. Ndiyo maana kamati ya hafla hii ya kumuaga ilipojaribu kufanya mambo kwa siri, ilishindwa siku ya pili. Alipita mlangoni na ndoo yake, akasikiliza kidogo, akauliza ni nani aliyepewa kazi ya viti. Hakuna aliyekuwa amepewa.

Umahiri wake ulikuwa huu: hakumwacha mtu akwame. Mtahiniwa akianza kutafuta neno darini, Shangazi alimrushia swali jepesi, akampa nafasi ya kung'aa, yeye akabaki akitikisa kichwa kwa kukubali. Watu walitoka chumbani wakijiona wamezaliwa na lugha ile.

Mwaka jana ukaja mwongozo mpya: kuanzia Juni hii, atakayekaa na watahiniwa katika chumba cha mazoezi lazima awe na cheti cha B1. Shangazi hakuwa na cheti. Hakuna aliyewahi kufikiria kumuuliza. Mkuu wa chuo alimweleza kwa upole kwamba akistaafu bila cheti, mlango ule utakuwa umefungwa kwake, na Shangazi, ambaye ana ufunguo wa kila mlango hapa, aliiweka ndoo chini. Kisha akaomba fomu.

Alifanya mtihani Novemba. Kusoma alipata 78, kusikiliza 88, kuandika 66. Kuzungumza akapata 54, na alama za kufaulu ni 60. Tulidhani kuna makosa. Hayakuwepo. Alikuwa amepangwa na fundi wa lifti, na kwa dakika zote kumi na tano alifanya kile alichokizoea: alimuuliza fundi anaonaje, akamsifia wazo lake, akamwachia sentensi zote nzuri. Fundi alipata 91. Kesho yake alikuja kumshukuru, masikini, kwa mikono miwili, bila kujua kwamba mwenzake amefeli.

Wenye uzoefu wa kuanza upya ukubwani, tena kwa lugha ya watu, wanajua jinsi alama sita zinavyoweza kumkalisha mtu kitako. Shangazi alikaa siku mbili hivi. Siku ya tatu alikuja mapokezi akatangaza kwamba anarudia sehemu ya kuzungumza, na kwamba anahitaji watu wa kumkera.

Hapo ndipo chuo kizima kilipoingia darasani. Kanuni ilikuwa moja: kila atakayekutana naye ampendekezee jambo kwa Kijerumani, naye alikatae na kutoa sababu mbili. Mlinzi wetu anajua sentensi moja tu ya Kijerumani, "Twende Jumamosi," na aliisema getini kila asubuhi ya zamu yake kama mtu anayedai. Kwa asubuhi thelathini na nne Shangazi alimkatalia, na hakurudia sababu hata moja. Jumamosi ana jino linauma. Jumamosi mlinzi mwenyewe huwa mvivu. Mlinzi alikuwa haelewi jibu, lakini alijua kwa uso wake kwamba ametukanwa, akafurahi. Mume wa Shangazi, mstaafu wa posta, alitupigia simu kulalamika: "Nyie mnamfundisha nini huko? Nikimwambia chai tayari, ananipa sababu mbili!"

Mtihani wa marudio ulikuwa Jumamosi ya tarehe 10 mwezi huu, chumba namba nne, ambacho alikipiga deki mwenyewe siku iliyotangulia. Safari hii alipangwa na muuguzi kijana mwenye hofu, aliyeshika karatasi yake juu chini. Jambo la kupanga lilikuwa kumsaidia jirani kuhama nyumba. Muuguzi akapendekeza, kwa sauti ya kunong'ona, wafanye Jumamosi.

Tumesimuliwa na muuguzi mwenyewe yaliyofuata. Shangazi alifungua mdomo, na swali lake la miaka yote likawa limeshafika kwenye ulimi. Akamtazama yule binti na karatasi yake iliyopinduka. Akalimeza swali. Akasema hapana, Jumamosi haiwezekani, na sababu alikuwa nazo sitini na nane. Alitoa mbili. Damu ikamchemka muuguzi, akajibu. Wakabishania siku, wakabishania gari, na walipofika kwenye nani ataibeba friji mpaka ghorofa ya tatu, mtahini mmoja alikuwa akicheka, huku mwenzake akigonga meza kwa kalamu kuwakumbusha muda umekwisha.

Majibu yalifika Alhamisi iliyopita. Mpokeaji wageni aliyasoma kwa sauti, akarudia, kisha hakuna aliyesikia tena kwa sababu ya kelele. Shangazi: 83. Muuguzi: 79. Binti huyo alikuja mchana uleule, akamkumbatia Shangazi pale ukumbini, akatuambia sisi wengine, "Huyu mama alinikasirisha mpaka nikasahau kuogopa."

Shangazi alimsikiliza, akaketi kwenye benchi la wageni. Miaka ishirini na miwili, alisema, amekuwa akiwashika watu mkono, kumbe wengine walihitaji kusukumwa. Akaagiza daftari la kumi na nane.

Ijumaa atakabidhi funguo zote kwa msaidizi wake. Kuanzia Juni 3 jina lake, lile kamili, litakuwa kwenye ratiba ya chumba cha mazoezi kama mkufunzi msaidizi, kila Jumanne na Alhamisi, na watu kumi na mmoja wamekwisha kujiandikisha wakijua kabisa kinachowangoja.

Shangazi, asante kwa mbao ulizonakili kabla ya kuzifuta, na kwa kila aliyeingia hapa akiwa na hofu akatoka na sauti. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi usio na kengele, na mume mwenye subira ya chai. Pumzika utakavyo siku zote tano. Jumanne na Alhamisi njoo utukatalie.