Tadea wa Sufuria Mbili

Padre, wazee wetu, shikamooni. Wageni mliopanda kutoka ziwani tangu alfajiri, poleni na mlima. Naitwa Othmar, kaka mkubwa wa marehemu. Maisha ya Tadea nimeyaandika mwenyewe, sikumwachia mtu wa kamati. Kuna aya moja ambayo kamati iliniomba niiondoe. Ipo, ukurasa wa tatu wa ratiba mlizoshika.

Tadea Aloisi Kapinga alizaliwa hapa Maguu tarehe 3 Machi 1967, mtoto wa tatu wa Mzee Aloisi na Mama Theodosia, ambao wote wametutangulia. Baba yetu alilima kahawa miaka arobaini na miwili, na hakuwahi kunywa hata kikombe kimoja. Tadea akiwa na miaka saba alitia konzi ya kahawa mbichi kwenye sufuria ya maharage ya jioni. Alipoulizwa, alijibu kwamba anataka kujua kwa nini mbegu moja tunaila na nyingine tunaiuza. Mama alimchapa. Baba alicheka mpaka akakohoa, kisha sote tukala ugali kwa chumvi.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1975 hadi 1981, halafu akajifunza upishi na ushonaji kwa masista kati ya 1982 na 1984. Cheti chake kipo mpaka leo. Sista aliyemfundisha aliandika chini kabisa: "Mchapakazi, msafi, ila huonja mno."

Alipika kwenye nyumba ya misheni miaka tisa. Hapo alifahamiana na daktari Mwitaliano na mkewe, na walipomaliza mkataba wao walimwomba aende kumtunza mama yao mzee, katika mji wa bandari uitwao Trieste. Aliondoka Septemba 1993. Yule bibi alipofariki mwaka 1996, Tadea alipata kazi ya kuosha vyombo kwenye mgahawa karibu na gati. Baada ya miaka minne akawa ndiye anayeshika mwiko.

Mgahawa ule ulikuwa wa mjane aliyeitwa Nives, baba yake Mslovenia na mama yake Mwitaliano. Tadea alituandikia kuwa mji ule hauna chakula chake peke yake, kila aliyeshuka melini aliacha kitu jikoni. Kulikuwa na nyama ya mchuzi mwekundu kutoka Hungaria, mguu wa nguruwe uliochemshwa, sardini wa bahari ile, mafuta ya Wagiriki, na divai nyeupe ambayo wazee walianza kuinywa saa nne asubuhi bila kuona haya. Na kulikuwa na maharage! Waliyapika na kabichi iliyochachushwa kwa chumvi ndani ya pipa, wakaiita jota. "Kaka," aliandika, "watu wa huku ni Wamatengo kama sisi, basi tu hawajijui."

Wateja wengine walikuwa wapakuzi wa meli kutoka Bosnia, Waislamu. Kwa ajili yao Nives alikuwa na sufuria ya pembeni na kisu cha pembeni, na nguruwe hakuvisogelea. Tadea alimuuliza kama si usumbufu. Nives alimjibu kwamba mtu akiingia mlangoni kwako na njaa, kazi yako ni kumwezesha kula, si kumtahini.

Barua moja ilihusu kahawa. Aliona gatini magunia yaliyoandikwa Tanzania, akayagusa mpaka mlinzi akamuuliza ana shida gani. "Wanainywa wamesimama," aliandika, "kikombe hakizidi kifuniko cha chupa ya chai. Mafunda matatu, wanaondoka. Sisi mwaka mzima tumeinama." Barua hiyo nilimsomea Baba. Akaenda kukagua mibuni.

Alirudi moja kwa moja Julai 2014. Jumapili tarehe 27 alitukaribisha ukoo mzima hapa nyumbani, akapika jota kwa maharage yetu na kabichi zetu, alizokuwa amezichachusha kwa wiki tatu. Harufu ilikuwa ngeni, na wengi waliziba pua kwa adabu. Baba yetu mdogo, Mzee Joakim, alikula sahani mbili, akaomba ya tatu. Baadaye Tadea alikaanga kahawa kutoka ghala langu, akaitwanga, akaipika na kuonja. Alinitazama mbele ya watu wote.

"Kaka, hii umeianika chini. Ina ladha ya udongo."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa mkulima bora wa kata miaka miwili mfululizo.

Siku tisa baadaye Mzee Joakim alianguka shambani akichuma, akafariki siku hiyohiyo hospitalini. Kabla hajazikwa, maneno juu ya ile jota yalikuwa yameshafika Mbinga mjini. Shangazi yetu Vitalia, ambaye yupo hapa na namheshimu, alisema kwenye kikao cha ukoo: "Huyu kala na watu wa kila dini huko. Nani anajua karudi na nini?" Kikao kikaamua mtu asitie mkono chunguni kwa Tadea mpaka tujue. Mwenyekiti wa kikao nilikuwa mimi. Maneno "mpaka tujue" ni yangu.

Tadea hakugombana na mtu. Alishuka Mbamba Bay, akafungua mgahawa karibu na gati. Tarehe 17 Oktoba 2015 alifunga ndoa na Jerome, fundi wa injini za boti, aliyekuwa mjane mwenye binti mmoja, Rosemary. Jerome ananiambia alimposa akiwa bado anatafuna. Hawakujaliwa mtoto, lakini Rosemary hakuwahi kumwita mama wa kambo.

Wiki ya kwanza ya mgahawa, Mwanabibi, mwenye duka la vitenge mkabala, alisimama mlangoni bila kuingia.

"Mie sili sufuria iliyopikiwa nguruwe, bibi."

"Ya kwako hii hapa, dada. Mpya, haijaona moto."

Tadea aliifunga uzi wa kijani kwenye mshikio, na kuanzia siku ile mgahawa ulikuwa na sufuria mbili. Mwanabibi, mtu wa pwani, Mwislamu, asiye na tone la damu yetu, alikula kwa dada yangu kwa muda wote uliobaki. Abiria wa meli walikula, na madereva, na walimu. Sisi tuliozaliwa naye hatukula.

Kila Krismasi alipanda Maguu na kapu la chakula. Tulimpokea kwa vigelegele, tukamshukuru, tukalipeleka bandani kwa nguruwe. Mwaka 2018 alisahau mtandio, akarudi kuufuata, akatukuta. Alisimama pale akitazama. "Nguruwe wenu wamenenepa, kaka," akasema, akachukua mtandio wake. Krismasi iliyofuata alileta kapu kama kawaida. Na chakula chetu alikula. Hakuna nyumba hapa aliyoingia Tadea akakataa sahani.

Nilipokuwa na safari za Mbamba Bay nilipita kumsalimia, maana mimi ni mtu wa heshima zangu. Alivuta kiti, akafuta meza. Nami nikasema, "Nimeshakula njiani." Nilisema hivyo mwaka baada ya mwaka. Siku moja alinijibu, "Kaka, barabara ya Maguu siku hizi ina migahawa mingi kweli." Jerome alicheka. Yeye hakucheka.

Agosti 2023 alianza kuumia koo. Alipimwa, akapewa rufaa mpaka Dar es Salaam, na huko ikaonekana ni saratani ya umio. Walimtibu walivyoweza. Kufikia Pasaka ya mwaka huu hakumeza kitu kigumu. Mtu aliyeonja kila kitu alichokutana nacho duniani alimaliza kwa uji uliochujwa kwa kitambaa. Bado aliingia jikoni akinusa mvuke na kumwambia Rosemary chumvi haijatosha.

Mwezi Mei nilikwenda. Hakuweza kunywa, lakini alinipikia kahawa, akakiweka kikombe mbele yangu. Ilikuwa kahawa yangu mwenyewe, aliinunua kupitia mtu mwingine nisijue. "Sasa unaanika kwenye vichanja," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Imekuwa nzuri, nimeinusa. Onja." Rosemary alikuwepo, na Mwanabibi alikuwepo. Nikasema nimeshakunywa chai njiani. Mungu anisamehe, nilisema hivyo.

Tadea alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake Mbamba Bay, akiwa na miaka hamsini na minane.

Sasa aya ya kamati. Mzee Joakim nilimpeleka hospitalini mimi, na karatasi ya hospitali nilipewa mimi. Siku ya kikao ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Naisoma leo kama ilivyo: "Shinikizo la juu la damu. Mshipa wa ubongo umepasuka. Mgonjwa aliacha dawa tangu Aprili." Ndiyo yote. Hakuna kabichi humo. Nilijua kabla kikao hakijafunguliwa, nikanyamaza, kwa sababu dada yangu alisema kahawa yangu ina udongo na watu wakacheka. Kwa kosa hilo nilimnyima ndugu zake miaka kumi na mmoja. Shangazi Vitalia, wewe ulishuku kwa kutojua. Mimi nilijua.

Ameacha mume wake Jerome, binti yake Rosemary, mdogo wetu Dorothy, shangazi yetu, wapwa kumi na wanne, na rafiki yake Mwanabibi, ambaye amekuwa hapa jikoni tangu jana. Amemwacha pia kaka mmoja.

Marehemu aliagiza kitu kimoja tu: siku ya kumzika watu wapikiwe maharage na kabichi ya pipa lake la mwisho, kwa sufuria zake mbili. Kamati ilikuwa imeshaagiza pilau. Nimeirudisha. Sufuria ziko motoni nyuma ya nyumba, na yenye uzi wa kijani ni ya ndugu zetu Waislamu. Tukishamfukia, wa kwanza kupakuliwa nitakuwa mimi, mbele yenu wote. Asiyetaka aseme hataki, tutamwelewa. Asiseme ameshiba.

Bwana akupe raha ya milele, Tadea, na akuketishe kwenye meza ambayo mtu hakatai. Leo sijala njiani.