Kofia ya Aliyeshindwa: Risala ya Wakazi wa Shirgal kwa Mwenyekiti wa Tume ya Mipaka

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Jaji Malini Rangnekar, Mwenyekiti wa Tume ya Mipaka ya Majimbo ya Uchaguzi. Mheshimiwa Sarla Negi, mbunge wetu katika Bunge la Himachal. Wazee, mama zetu, na nyote mliovuka mlima kuja hapa, namaste.

Karibu

Tumesikia gari lako lilisimama muda mrefu kupisha kondoo. Tusamehe. Kondoo hao ni wa Kandoli, na wachungaji walipoambiwa ni nani yumo garini, walizidi kwenda polepole ili wakuone vizuri. Karibu Shirgal. Mikate yetu ya mvuke, siddu, iko motoni, na samli haikupimwa.

Tulikotoka

Jimbo letu ni mabonde mawili na mlima mmoja katikati. Nalsu, bonde la chini, wanalima tufaha na kofia zao za sufu zina utepe mwekundu. Kandoli, bonde la juu, wanafuga, na utepe wao ni wa kijani. Kabla ya kuwa jimbo moja, tulikutana kwenye mnada wa kondoo na kwenye ugomvi wa malisho tu.

Katika uchaguzi wa kwanza, Munshi Ram wa Nalsu alimshinda Gulab Singh wa Kandoli. Watu wa Kandoli waliapa kwamba mshindi huyo hatakanyaga kwao. Yeye akavuka mlima hivyo hivyo kwenda kuwasalimu. Huko juu upepo ukampokonya kofia, akaingia uani kwa Gulab Singh kichwa wazi. Kwetu, mwanamume anayeingia uani kichwa wazi ameleta habari ya msiba. Kaulan Devi, mama yake Gulab Singh, aliacha mbuzi aliyekuwa akimkamua.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Ni upepo tu."

"Upepo! Basi usituletee nuksi hapa." Akamvua mwanawe kofia, akamvisha mgeni.

"Mama, hiyo yangu!"

"Wewe unakwenda wapi? Kura umekosa. Huyu ndiye anakwenda bungeni Shimla, na baridi ya kule haimjui mshindi."

Munshi Ram akala kiapo bungeni na utepe wa kijani kichwani. Kila alipojitazama kwenye kioo aliwaona watu waliomkataa. Shule ya kwanza ya Kandoli ilijengwa kwa juhudi zake, ingawa Kandoli karibu wote walikuwa wamempigia mwenzake.

Tangu hapo, mgeni rasmi, kila mshindi wa Shirgal huvuka mlima au hutembea hadi nyumba ya jirani, kumfuata aliyeshindwa. Aliyeshindwa huvua kofia yake na kumvisha mwenziwe. Vyama vimekuja na kuondoka, vingine vimegawanyika mara mbili, lakini kofia imeendelea kuhama vichwa.

Tunachojivunia, na tulipoteleza

Hatutaki kukuficha kitu. Mzee Jagat Pal wa Nalsu, aliyeketi mstari wa mbele na aliyeturuhusu kulisema hili, aliposhinda alimtuma dereva Kandoli kuchukua kofia ya mpinzani wake, kisha akaifungia kabatini. Miaka ile yote barabara ya Kandoli haikuguswa. Uchaguzi uliofuata alishindwa na mwalimu wa Kandoli, Sarla Negi, na hata majirani zake mwenyewe walimnyima kura.

Bi Sarla alivuka mlima siku ya pili ya matokeo. Alimkuta Mzee Jagat mlangoni ameshika kofia mpya, bado imo kwenye karatasi ya duka.

"Hiyo rudisha dukani, baba mdogo. Nataka hiyo iliyo kichwani."

"Ina jasho, binti."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Mzee akaivua. Upara wake ukang'aa, watoto wakashangilia, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu kura zihesabiwe.

Bungeni Bi Sarla aliivaa juu ya mtandio. Mheshimiwa mmoja akamtania, "Dada, leo mumeo katoka kichwa wazi?"

"Nimepewa na walionikataa, kaka. Leo nawaombea daraja lao."

Daraja la Nalsu ndilo ulilopita asubuhi. Barabara ya Kandoli ilifuata baadaye. Tunamheshimu kwa yote mawili, na zaidi kwa mpangilio huo.

Linalotuumiza

Rasimu ya Tume inasema tumepungua. Ni kweli. Vijana wetu wengi wako Chandigarh wakitafuta kazi, na theluji haizai wapiga kura. Kwa hiyo Nalsu itaunganishwa na jimbo la tambarare, Kandoli na jimbo la nyuma ya mlima, na jina la Shirgal litafutwa.

Tunaielewa hesabu hiyo. Lakini katika majimbo hayo makubwa, kila bonde letu litakuwa kijisehemu cha pembeni ambacho mgombea anaweza kushinda bila kukijali. Hapa, Nalsu na Kandoli tumeshindana mpaka tukajuana. Ukitugawa, nani atavuka mlima, na kwenda uani kwa nani?

Ombi

Tunaomba Tume iliache jimbo la Shirgal kama lilivyo. Ombi letu ni hilo tu.

Mgeni rasmi, bado hujatoa uamuzi, na huenda ukatushinda. Kwa desturi yetu ingekubidi urudi kuchukua kofia, lakini wakati huo njia itakuwa imefungwa na theluji. Tumeona tukupunguzie safari. Kofia iliyo kwenye sinia hii ni ile ya Mzee Jagat Pal. Bi Sarla ameivua leo asubuhi. Ina jasho la watu wawili walioshindana, nasi hatukuifua.

Tunakuomba uinamishe kichwa, Mzee Jagat akuvishe. Ivae siku utakapotia saini. Na ukituachia jimbo letu, irudishe kwa mkono wako mwenyewe, maana mpaka hapo mbunge wetu atakwenda Shimla kichwa wazi, na kila atakayemwona atamuuliza nani amekufa.

Mungu wa mlima huu akufikishe salama, na akuepushe na kondoo wakati wa kurudi.

Ni sisi, wakazi wa Nalsu na Kandoli,
Jimbo moja la Shirgal.