Tumainieli Mshana wa Sauti Nne

Tumainieli Nathanaeli Mshana, mwana wa Nathanaeli aliyepasua mbao za kanisa hili, mjukuu wa Mrindoko aliyefua majembe yaliyolima milima hii, alizaliwa Mbaga tarehe 3 Machi 1914. Alikuwa kitinda mimba. Dada yake, Hedwiga, ndiye aliyembeba mgongoni, na ndiye aliyeyatoa maneno haya, maana waliomjua akiwa mtoto wameshakwisha, kabaki yeye.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Huko aliiona tarumbeta, akasahau hata kula. Mwalimu akampa sauti ya tatu, na hakuiacha.

Mwaka 1935 alishuka bondeni kwenye mashamba ya katani, akawa fundi wa mashine. Alifunga ndoa na Dorkas tarehe 11 Juni 1938. Aliporudi mlimani mwaka 1949 alileta ufundi wa kuchomelea, na kikohozi cha vumbi la mkonge ambacho hakikumtoka tena.

Mwaka uliofuata aliunda kundi la tarumbeta, Sauti Nne: Benedikto sauti ya kwanza, Lugano ya pili, yeye ya tatu, Elirehema besi. Walipiga nyimbo za kale za Kijerumani, zile ambazo sauti zinafukuzana kama mbuzi na mchungaji, na walipiga mpya alizotunga mwenyewe. Kanisani, harusini, mikutano ya TANU, kote waliitwa.

Novemba 1961 walikuwa kilimani wakijifunza wimbo wake wa Uhuru, unaoanza kwa mlio mrefu wa besi peke yake. Watu wakadhani ni baragumu la msaragambo, linaloita kijiji kwenye kazi ya pamoja. Wakaja na majembe. Mama Mwanakheri alifika akihema.

"Nimeacha makande yanaungua! Kazi iko wapi?"

"Shikamoo, mama. Leo kazi ni kusikiliza."

"Marahaba. Kusikiliza si kazi, we mtoto wa Nathanaeli. Tupe kazi!"

Basi wakaenda kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, na wale wanne wakawapigia mpaka jioni. Wimbo ukabaki na jina la Msaragambo.

Mwaka 1974 Elirehema na Lugano walihamishiwa kijiji kipya cha ujamaa bondeni, upande wa Kihurio. Ule mwaka kila mtu anaujua. Hedwiga akamwambia, "Mdogo wangu, acha sasa. Kifua chenyewe hicho."

"Dada, nikiacha mimi, Benedikto atapiga na nani?"

Akawa anashuka na Benedikto kila mwezi kwa miguu, ili sauti ziwe nne tena. Kushuka si kitu. Hedwiga alimwona akipanda, anakaa kila penye jiwe, anakohoa, anainuka.

Tangu Mei 1976 pumzi ilimwishia. Alilazwa Same mara mbili. Kwa kuwa wanawe wa kiume walikwenda mjini, alimfundisha binti yake Rogathe, akimwimbia noti kwa sauti ndogo. Wazee wakanung'unika: "Tangu lini msichana akapuliza tarumbeta?" Hedwiga akawajibu, "Tangu kaka zake walipoikimbia." Tumainieli alifariki nyumbani Jumapili tarehe 14 Agosti 1977, kengele ya kwanza ikilia.

Ameacha mjane Dorkas, wana wawili, Sylvester na Bahati, binti Rogathe, wajukuu, na dada yake. Alichoka kweli. Bwana ampe pumziko.

Ijumaa kabla hajafariki alimwita Rogathe, Hedwiga akiwapo.

"Siku yangu Elirehema na Lugano watapanda. Msipige watatu mkaacha pangu wazi, eti heshima. Sauti ya tatu ni yako."

"Baba, nitalia."

"Lia kabla. Wakinishusha kaburini, vuta pumzi pamoja na wenzako, upige. Na kesho yake uteremke nao bondeni. Kuna mazoezi."